Kushika Namba

Nilikuwa nimewapa mgongo. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii huwa naulizwa, sasa wewe mwalimu mzima hukuwa unaona? Sikuwa naona. Nilikuwa nimeelekea ubaoni na chaki mkononi, na kila mtoto aliyetaja namba yake kwa Kiingereza, mimi niliandika tarakimu. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni kule Tanzania: kwa wiki mbili waimbe namba wote pamoja, kisha siku moja kila mtoto ataje ya kwake peke yake, dawati kwa dawati, na mwalimu asigeuke, ili wasio na uhakika wasione haya.

Wakaanza. Wan. Tuu. Srii. Nilifurahi, kusema kweli, maana wiki mbili ni kidogo. Kwenye kumi na moja mmoja alisema "ereveni", nikacheka kimoyomoyo, nikaendelea kuandika. Fotini, fiftini, sikstini. Nilipoandika kumi na saba nilishusha mkono nikapangusa vumbi la chaki kwenye sketi, kwa sababu darasa langu lilikuwa na watoto kumi na saba na hesabu ilikuwa imekwisha.

"Eitini," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikainua mkono nikaandika. Sijui kwa nini niliandika. Naintini. Twenti. Hazikuwa sauti za mtoto mmoja anayefanya masihara. Moja ilikuwa nene, moja nyembamba, moja ya kitembe, moja ya mtoto aliyezibwa pua na mafua. Zilikuwa zinatoka mbele kwenda nyuma kwa mpangilio, bila kugongana, na mimi naandika tu. Mwisho ulikuwa thelathini na nane.

Niligeuka. Watoto kumi na saba, wameketi wima, mikono juu ya madawati.

Hii ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, Nyamirambo, mtaa wa Kigali wanakosema Kiswahili, miezi michache baada ya mauaji. Nilikuwa na miaka thelathini kasoro. Wazazi wangu waliikimbia Rwanda kabla sijazaliwa, nikazaliwa na kukulia Karagwe, nikasomea ualimu huko huko, na vita vilipokwisha nikapanda lori na binti yangu wa miaka minane kuja kwenye nchi niliyoijua kwa hadithi za mama na kwa Kinyarwanda cha jikoni. Mume wangu alibaki nyuma kuuza ng'ombe. Mkuu wa shule, mzee aliyesoma kwa Kifaransa maisha yake yote, aliposikia kwamba najua Kiingereza alinipa darasa la pili siku hiyo hiyo. "Wewe anza nayo hesabu," aliniambia. "Hesabu haina matata."

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mtu wa aina yangu akiogopa hukasirika kwanza ndipo aulize. Nikajiambia, hawa wananiingiza mjini. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilikuwa mgeni wa kila namna, mgeni wa mji, mgeni wa shule, mgeni hata wa lugha ya babu zangu.

"Nani anataja namba mbili mbili?" nikauliza.

Walinitazama tu. Si kwa ujeuri. Walinitazama kama watu waliosubiri basi na wanajua litakuja. Nikawaambia tuanze upya, na safari hii ninawaangalia.

Mvulana wa dawati la mbele akasema "wan" kwa sauti yake. Kisha akainamisha kidevu kidogo upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akasema "tuu" kwa sauti isiyokuwa yake. Aliyemfuata akafanya vile vile. Ndipo nilipoona jinsi walivyokuwa wameketi. Mara kadhaa nilikuwa nimewaambia wasogee mbele wajaze madawati, wakanyamaza, nami nikadhani ni uvivu wa watoto. Kumbe kila mmoja alikuwa ameacha nafasi pembeni yake, upana wa mtoto mmoja. Wengine walikuwa wameacha nafasi pande zote mbili.

Msichana mmoja wa miaka kama tisa alikaa dawati la tatu, karibu na dirisha. Nitamwita Kumi, kwa kuwa ndiyo namba aliyokuwa nayo na mpaka leo kichwani mwangu hana jina jingine. Alisema "teni" kwa sauti ya kawaida, ya mtoto aliyelelewa vizuri. Halafu akainamisha kidevu, midomo ikabadilika umbo, na ikatoka sauti nyembamba ya kitoto, yenye kucheka kwa ndani, sauti ya mtu ambaye nisingeweza kumfananisha naye hata kidogo. "Ereveni."

Kengele ikalia, nikawaacha waende.

Siku ya tatu yake yakaja madaftari. Mkuu wa shule alikuwa amemtuma mtoto kupita kila darasa kuandika idadi, na kwangu kiranja wa darasa alimwambia aandike thelathini na nane bila kuniuliza. Nikaletewa madaftari thelathini na nane, yananukia duka. Nilitaka kuyarudisha yaliyozidi, lakini kabla sijamaliza kufunga kamba ya boksi watoto walikuwa wameshapanga moja moja katika kila nafasi iliyo wazi, wakaandika namba juu ya jalada, na penseli iliyochongwa pembeni. Nikaona isiwe taabu. Nitayakusanya baadaye, nikasema. Sikuyakusanya.

Sasa nije kwa binti yangu, maana jambo lenyewe lilikuwa lake.

Alikuwa hajaanza shule kwa sababu tulikuwa tunasubiri sare. Alikuwa mtoto mwenye sauti ya mkwaruzo, aliyezaliwa nayo, na kabla ya kusema neno lolote la maana alivuta pumzi kwa nguvu hadi mabega yakapanda, kana kwamba anataka kupiga mbizi. Karagwe alikuwa na marafiki mpaka wakawa kero. Kigali hakuwa na hata mmoja. Alikaa kutwa na jirani yetu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amerudi kutoka Burundi, akichambua naye maharage, na jioni aliniuliza swali moja: watoto wa darasa lako wako vipi? Alikuwa anawataka kabla hajawaona. Kiingereza cha namba nilimfundisha mwenyewe jikoni, hadi mia, ili siku atakayoingia awe na kitu cha kujivunia.

Juma hilo sare ilipatikana, binti yangu akaanza shule, na walikuja pia watoto wengine saba wa kwetu sisi tuliorudi, wa Uganda, wa Burundi, wa Bukoba. Nikaona hapo ndipo penye dawa. Pengo huzibwa. Nikachukua watoto wanane, binti yangu akiwamo, nikamketisha kila mmoja kwenye nafasi iliyo wazi. Binti yangu nilimweka pembeni ya Kumi, kwa sababu Kumi alikuwa msafi na mwenye adabu. Hakuna aliyepinga. Waliondoa tu yale madaftari wakayaweka mapajani.

Tukahesabu. Niliwaambia waziwazi kwamba kila mtu ataje namba moja, ya pale alipoketi. Ilipofika kwa Kumi akasema "teni". Binti yangu akavuta pumzi, mabega juu, macho yanang'aa, na kabla hajafungua kinywa Kumi akainamisha kidevu mbele ya kifua cha mwanangu na ile sauti nyembamba ikasema "ereveni". Mtoto wa dawati la nyuma yake akaendelea na "twerufu". Wale wanane walirukwa wote. Mmoja mmoja walifungua vinywa na kuvifumba. Hesabu ikafika thelathini na nane kama kawaida na darasa likanyamaza, limeridhika.

Jioni hiyo binti yangu hakula. "Mama," akasema, "mimi sihesabiwi."

"Utahesabiwa."

"Wananipa chakula chao. Wananionyesha mchezo wa kamba. Lakini wakihesabu, mimi sipo."

Niliposikia hivyo nikaona moto. Mtoto wangu nimemtoa kwenye nyumba yake, nimemleta hapa kwa maneno yangu mwenyewe kwamba hapa ndipo kwenu, halafu kuna watoto wanaomwambia mbele ya macho yangu kwamba hayupo. Usiniulize kama nilifikiri wale watoto wametoka wapi na wameona nini. Nilijua. Lakini mzazi akiguswa kwa mtoto wake hekima hukaa nje ya mlango. Kesho yake niliingia darasani na rula ya mbao.

"Kumi, simama. Nani anasema kumi na moja?"

Akasimama. "Mimi, mwarimu."

"Wewe ni namba ngapi?"

"Kumi."

"Na kumi na moja ni nani?"

Akatazama upande wake wa kushoto. Nikamwambia anyooshe mkono. Akanyoosha wa kulia, kiganja juu. Nikampiga mara moja, si kwa nguvu sana, lakini nilimpiga. Nikataka kurudi mezani. Yeye akabaki amesimama, akashusha mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto.

"Nini tena?"

"Ile mukono ilikuwa ya kumi," akasema. "Hii ni ya kumi na moja. Yeye anatumia kushoto."

Alisema bila machozi, kama mtu anayekukumbusha chenji yako. Darasa zima lilikuwa linatazama rula. Nikaona baadhi ya wale kumi na saba wameshaweka mikono yote miwili juu ya dawati, viganja juu, wanasubiri zamu. Nikaiweka rula mezani. Sijawahi kumpiga mtoto tangu siku hiyo, awe wangu au wa mwenzangu, na huu si uungwana. Ni kwamba mkono hauinuki.

Mchana nilimtafuta mama aliyekuwa anafagia shule. Yeye alikuwepo tangu zamani, kabla ya vita, na alikuwa mtu pekee pale aliyekuwepo wakati wote. Nilimkuta nyuma ya madarasa anachoma takataka. Nikamweleza. Alinisikiliza huku anasukuma majani motoni kwa mti.

"Mwarimu wa zamani alikuwa na sheria yake," akasema. "Kila mutoto iko na namba, na kila mutoto iko na mwenzake wa dawati. Mwenzako akikosa kuja, wewe unaitika ya kwake. Tulisema hivi, kushika namba. Maana yake unajua habari yake, jioni utamupelekea masomo nyumbani. Akifanya kosa kwa daftari, nyinyi wawili munapigwa. Lakini kama namba imeitwa mara tatu na hakuna mutu ameitika, mwarimu anakata jina na wino mwekundu. Imekwisha. Mutoto ametoka."

"Lakini hawa wenzao," nikaanza.

"Wengine walikufa. Wengine walienda Zaire na wazazi yao. Wengine hata mimi sijue. Na hawa watoto wanajua nani iko wapi? Mutoto atakata jina ya mwenzake namna gani, na hajue?"

Nikamuuliza kuhusu sauti. Nilitaka aniambie kwamba watoto wote huigana, jambo dogo tu. Akatazama moto.

"Ile sauti hata mimi siipendi, mama," akasema. "Mimi namaliza kufagia mapema, saa ya hesabu nakuwa huku."

"Na yule mwalimu mwenyewe?"

"Ah. Yeye hakuna mutu anamushika."

Nilirudi darasani tupu nikafungua daftari lenye namba kumi na moja. Masomo yote yalikuwemo, tangu siku madaftari yalipoletwa, na hesabu zote zimefanywa. Kosa moja moja, kama la mtoto yeyote. Mwandiko ulikuwa umelala upande wa kushoto, na mkono ulikuwa umeburura risasi ya penseli ukurasa mzima. Nikafungua la Kumi. Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo, umesimama. Nililinganisha saba za daftari moja na saba za jingine hadi macho yakauma. Kwamba ni mtoto mmoja aliyeandika yote mawili, moja kwa mkono wa kulia na moja kwa wa kushoto, hilo nililijua. Lakini kulijua hakukunisaidia kitu. Nilifunga madaftari nikaondoka haraka, na nikiri kwamba nilitembea kinyumenyume hadi mlangoni.

Basi nikafanya nilichoweza. Kesho yake niliwaondoa wale wageni wanane kwenye nafasi za watu. Madawati yalikuwa marefu; nikawaketisha mwishoni kabisa mwa kila benchi, na zile nafasi zikabaki wazi; binti yangu akawa upande wa kulia wa Kumi. Nikawapa namba mpya, kuanzia pale wenyeji walipoishia. Binti yangu akawa thelathini na tisa.

Tulihesabu, kumi na saba kwa sauti zao na ishirini na moja kwa zile sauti nyingine, na baada ya thelathini na nane binti yangu akavuta pumzi akasema "sati-naini" kwa mkwaruzo wake, uso ukamng'aa kwa furaha. Footi. Footi-wan. Mpaka arobaini na sita. Nilidhani yamekwisha. Mkuu wa shule, aliyekuwa anapita nje, alichungulia dirishani, akaona watoto ishirini na watano wamefika arobaini na sita, akakuna kidevu, akaenda zake.

Lakini mtoto haridhiki na nusu ya kitu. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya pili akaanza kuuliza.

"Mama, mimi nani ananishika?"

"Unahitaji kushikwa kwa nini? Uko hapo kila siku."

"Siku nikikosa."

"Hukosi. Mama yako ndiye mwalimu, utakosaje?"

"Kila mtu ana mtu wake," akasema. "Hata wale ambao hawapo. Sisi wa mwisho ndio hatuna."

Alijaribu. Alimpelekea Kumi mapera, alimpa utepe wake wa nywele, alijifunza kuruka kamba kwa mtindo wao. Kumi alipokea kwa adabu na akarudisha kwa adabu, pera kwa pera. Lakini binti yangu alipomwomba waziwazi kwamba washikane namba, Kumi alimwambia, hivi ndivyo nilivyohadithiwa nyumbani, "Mimi tayari iko na mutu." Basi. Mwanangu alilia usiku ule kimya kimya, akidhani nimelala.

Niliona pia kitu kingine ambacho sikukipenda. Pale nyumbani tulikuwa na benchi fupi la kulia chakula, la watu wawili. Binti yangu alianza kukaa ukingoni kabisa, paja moja nje, akaacha nafasi kati yangu na yeye. Nikamwambia asogee. Akasogea. Kesho yake tena ukingoni.

"Kuna nani hapo?" nikamuuliza siku moja, kwa ukali.

"Hakuna mtu," akasema. "Nimezoea tu."

Jirani yangu wa Burundi alicheka nilipomsimulia, akasema watoto ni hivyo, wataacha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nataka vitu viwili vinavyopingana, na nilijua hivyo. Nilitaka wamchukue mwanangu awe wao kabisa, asiwe tena mgeni wa mwisho wa benchi. Na nilitaka asiguse wala asiguswe na lolote lililokuwa linakaa kwenye zile nafasi. Nilikwenda hadi kwa Kumi mwenyewe. Hebu fikiria, mwalimu mtu mzima, na fimbo niliyompiga bado iko kati yetu, nikainama mbele ya dawati lake wakati wa mapumziko nikamwambia, mwanangu, huyu ni dada yako sasa, huwezi kumshika na yeye? Wengine si wanashika wawili?

Aliweka penseli chini.

"Mwarimu, ile mutu unashika, lazima umujue vizuri," akasema. "Sauti yake. Namna anacheka. Namna anaogopa. Ukishika bila kujua unamupoteza."

"Basi mjue."

"Ndiyo, mwarimu."

Baada ya hapo nilimwona anamtazama binti yangu. Alimtazama akila, akiandika, akianguka kwenye kamba. Hakuwa na uso wa mtoto anayetafuta rafiki. Alikuwa na uso wa mtu anayekariri shairi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeingia, na mbu nao. Binti yangu akashikwa na malaria, ile ya kutapika na kutetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Zahanati walinipa dawa, wakaniambia nimfunike na nimpe maji. Usiku wa pili aliweweseka kwa Kihaya cha kule tulikotoka. Asubuhi ya siku ya tatu homa ilikuwa bado juu, na mimi nilikuwa sijafika kazini siku mbili, na hapakuwa na mwalimu mwingine wa kuwashika wale watoto. Jirani akaniambia, nenda mama, mimi niko hapa, nikiona kibaya nitakutumia mtu. Nikaenda. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kwenda.

Darasani nilisalimu, wakaitika. Ukingo wa dawati la tatu, pale mwisho wa benchi, palikuwa tupu. Hakuna aliyeniuliza mwanangu yuko wapi. Tukaanza kuhesabu kwa sababu ndivyo tulivyoanza kila siku. Nilikuwa nimesimama katikati ya darasa, nawaangalia, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kile kitanda. Wan, tuu, srii. Teni. Ereveni, kwa ile sauti nyembamba ambayo siku hizi hata haikunishtua. Hesabu ikaenda hadi nyuma, ikamalizikia thelathini na nane. Nikafungua kinywa niwaambie waendelee na arobaini.

Kumi alikuwa amegeuka upande wa kulia. Si kushoto alikozoea. Kulia, kuelekea ukingo wa benchi. Akavuta pumzi kwa nguvu hadi mabega yakapanda. Nikajua kabla hajasema.

"Sati-naini," akasema, kwa sauti ya binti yangu.

Haikuwa kuiga. Nimesikia watoto wakiiga. Ilikuwa yeye mwenyewe, mkwaruzo wake, haraka yake, ile furaha yake ya kuitwa, ikitoka kwenye kinywa cha mtoto mwingine juu ya benchi tupu. Watoto wote wakatazama mbele. "Footi," akasema aliyefuata.

Kwa wiki nne nilikuwa nimeomba hilo. Nilikuwa nimeinama mbele ya mtoto nikaliomba. Sasa lilikuwa limekuja, na nilitamani nimzibe Kumi mdomo kwa kiganja, nilirudishe lile neno tumboni mwake. Sikumgusa. Nilitoka. Sikuaga wala sikufunga mlango, nikashuka ile njia ya mawe ninakimbia kwa viatu vya kazini, kimoja kikachomoka, nikakiacha, na watu walinipisha bila kuuliza. Mji ule ulikuwa umezoea kuona watu wanakimbia. Nilichokuwa nakisema njiani nakikumbuka. Nilikuwa nasema si ishirini na mbili, si ishirini na mbili, maana nafasi zilikuwa ishirini na moja.

Jirani alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Aliponiona akasimama, ungo ukamwagika.

"Vipi?" akasema. "Kumetokea nini?"

Nikampita. Ndani kulikuwa na giza, pazia limeshushwa. Binti yangu alikuwa amelala chali, kimya, hatetemeki tena, shuka limelowa. Nilimshika uso. Ulikuwa baridi, na kwa muda ambao siwezi kuupima sikuelewa ni baridi ya namna gani. Kisha akafungua macho.

"Homa imeshuka tangu saa mbili," jirani akasema nyuma yangu. "Alikunywa na uji. Nilikuwa namwacha apumzike. Mbona unanitisha hivyo, mama?"

Nilikaa kitandani. Binti yangu aliangalia mguu wangu usio na kiatu, akaniangalia usoni.

"Mmehesabu?" akaniuliza.

"Tumehesabu."

"Na mimi?"

Ningeweza kumdanganya. "Na wewe," nikasema. "Kumi amekushika."

Akafumba macho, na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu Karagwe likamjia usoni, dhaifu lakini zima. Alikuwa amepata alichokitaka. Nami nikamshika mkono nikamvuta kutoka kwenye ule usingizi uliokuwa unamchukua.

"Sema namba yako," nikamwambia.

"Kesho, mama."

"Sasa hivi. Sema mwenyewe."

Akavuta pumzi, mabega yakapanda kidogo. "Sati-naini."

"Tena."

Akasema tena. Nikamwambia tena. Jirani alikuwa ameacha maharage yake, amesimama mlangoni, ananitazama kama anayemtazama mtu aliyepungukiwa na akili. Binti yangu alisema mpaka sauti ikamkauka, mpaka akakasirika.

"Mama," akasema, "si umeshasikia?"

Nikamwambia nimesikia. Nikamwambia aseme tena.